Rimu za Volkswagen Beetle ya 1972, matundu manne, kwa Dar hapa nazipata wapi?

Mtoto wa Magomeni

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimezunguka mpaka nimechoka. Nina gari ya marehemu mzee wangu, Volkswagen Beetle ya 1972 injini 1300, sisi nyumbani tangu wadogo tunaiita Kobe. Imekaa chini ya mwembe miaka 11. Injini saa hizi inawaka vizuri tu, breki nimemaliza mwezi uliopita, kilichobaki ni rimu. Mbili za nyuma zimeliwa na kutu pale kwenye mdomo tairi linapokaa, yani ukijaza upepo jioni asubuhi unakuta limelala, moja ya mbele imepinda, na ile ya spea ndo imetoboka kabisa kwa sababu mvua ilikuwa inaingia chini ya boneti na maji yanatuama humo humo. Nzima ni moja tu.

Gerezani nimeenda siku mbili. Muuzaji mmoja akaniambia Volkswagen ni Volkswagen, chukua hizi za Golf, matundu manne kama ya kwako, chuma safi. Nikatoa laki mbili na nusu nikabeba nne. Kufika nyumbani wala hazikaribii. Nikachukua rula ya shule ya mwanangu nikapima kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo, Kobe sentimita 13, Golf sentimita 10. Nikazirudisha, hela hataki kurudisha, anasema fundi wake atatoboa matundu mapya kwa elfu kumi kila rimu na gari itatembea. Fundi wa mtaani kwetu yeye anasema tuweke adapta, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya gari na rimu. Mdogo wangu anataka spoti rimu.

Mama ndo kaniweka pagumu. Vile vifuniko vya kati vinavyong'aa, vya enzi za mzee, anavyo vinne vyote kabatini, kavifunga kwenye kanga. Juzi kavitoa kavifuta akasema siku Kobe inatoka getini anataka vikae mahali pake. Na vifuniko hivyo havishiki kwenye rimu yoyote ile isipokuwa ya kwake.

Sasa naomba kujua, hizo rimu zikitobolewa ni salama? Na kama sio, original natoa wapi?

Mchonga Vyuma Vingunguti

Mkuu usikubali kutoboa. Mi kazi yangu ndo hii, nipo na mashine ya leze, ya kuchonga vyuma, hapa SIDO, na rimu za hivyo naletewa nazikataa.

Hesabu yake iko hivi. Mduara wa matundu ya Golf zako ni milimita 100, wa Kobe ni 130. Kwahiyo kila tundu jipya litasogea nje milimita 15 tu kutoka tundu la zamani, na tundu lenyewe lina upana wa karibu hizo hizo 15, maana bolti za gari yako ni za milimita 14. Yani tundu jipya na la zamani yatagusana, unabaki na uwazi mrefu kama kidonge. Atakwambia basi nazungusha natoboa katikati ya yale ya zamani. Sawa, hayatagusana, ila pale chuma cha rimu kimeshaanza kupanda mteremko, hakiko bapa, kichwa cha bolti kitakaa upande mmoja. Na ukiangalia tundu la kiwandani limebonyezwa kama kibakuli kidogo, bolti inakalia kile kibakuli kuzunguka pande zote. Drili haitengenezi kibakuli, inatengeneza tundu tu.

Halafu watu wengi hawajui kwamba bolti hazibebi gari kama misumari. Zinaibana rimu kwenye dramu ya breki, na ule mbano ndo unaobeba. Mbano ukiwa mbovu rimu inacheza kidogo kidogo, ikicheza bolti inalegea.

Kupima umepima vizuri sana. Kwa wengine watakaosoma, ukiwa na matundu matano huwezi kupima hivyo kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na lingine. Pima katikati ya tundu mpaka katikati ya jirani yake, zidisha kwa 1.7, ndo unapata mduara. Ukipata milimita 66 hivi ujue ni 112.

Benzi ya Kimara

Naunga mkono asilimia zote, na mi nitakwambia yaliyonikuta ingawa yangu matundu yalilingana kabisa.

Nina Benzi ya 1983, ile ya umbo la W123. Rimu zake 5 kwa 112, yani matundu matano, mduara 112. Nikapata spoti rimu za gari ya juzi juzi, mtumba, nazo 5 kwa 112, nikasema hapa nimepata zali. Kuvaa ikagoma, tundu la kati la rimu lilikuwa 57 na habu ya Benzi, kile kitovu cha gurudumu kinachoingia humo, ni 66 na nusu. Nikapeleka kwa fundi (sio wewe mkuu wa Vingunguti) akalipanua, likaingia. Wote tukafurahi, tukasahau kwamba bolti za Benzi hiyo ni za milimita 12 na rimu zile zilitengenezwa kwa bolti za milimita 14. Kichwa cha bolti kilikuwa kinaingia kwenye kibakuli kikubwa kuliko chenyewe, kinakaa kama kimekaa, ila kimegusa mstari mwembamba tu.

Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili usukani ukaanza kutetemeka nikifika 80, nikaenda balansi mara mbili, wananiambia tairi ziko sawa. Siku hiyo natoka Kibaha na familia, kufika Kibamba nikasikia nyuma kushoto ko-ko-ko-ko, na nikipunguza mwendo inapungua na yenyewe. Nikapaki pembeni. Bolti mbili nilizifungua kwa vidole, nasema kwa vidole. Na kuzunguka yale matundu kulikuwa na vumbi jeusi laini kama la penseli, ndo aloi yenyewe ilikuwa inasagika. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amelala siti ya nyuma upande ule ule.

Kwahiyo ukinunua rimu angalia mambo yote, sio matundu peke yake. Mduara, tundu la kati, unene wa bolti na umbo la kichwa chake, urefu wa bolti, na rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Zile zangu zilikuwa zinaingia ndani karibu milimita 15 zaidi ya za Benzi. Na kwa wenye rimu za chuma, ukiona vumbi la rangi ya kutu limetoka kwenye bolti kama miale, simama hapo hapo ukaze.

Dogo wa Sinza

Mi naona mnamtisha jamaa. Adapta zipo na watu wanatembelea, aweke spoti rimu ipendeze.

Babu Mwenye Kobe Mbili

Kijana wa Magomeni, pole na msiba wa mzee na hongera kwa kuitunza gari yake. Nimeendesha Beetle tangu 1976, ninazo mbili mpaka leo, moja inatembea na moja ni ya kutolea vipuri. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza ujue unatafuta nini. Kobe nyingi za kabla ya mwaka 1968 zina matundu matano na mduara mkubwa sana wa 205, katikati rimu iko wazi sahani inapita. Kuanzia 1968 ndo wakaja na matundu manne, mduara 130, kama ya kwako. Kwahiyo mtu akikwambia ana rimu za Beetle muulize matundu mangapi kabla hujapanda daladala. Na asikuuzie za Kombi, za zamani ni 205 na za kuanzia 1971 ni matano ya 112, tena inchi 14. Ya kwako ni inchi 15. Hizo Golf nazo hazifiki 15 nadhani, angalia mhuri. Kwenye rimu original, uso wa mbele, imegongwa 4J x 15 au 4½J x 15, yani upana inchi 4 au 4 na nusu, saizi inchi 15. Sugua kutu kwa brashi ya waya utaisoma.

Pili, usizitupe zako. Hapa ndo vijana wengi mnakosea. Iliyopinda ya mbele inanyooshwa kama haijapasuka. Zile mbili za nyuma inategemea kutu imekula kiasi gani. Zipeleke zikapigwe mchanga mpaka chuma cheupe kionekane, halafu uangalie. Kama ni vishimo vidogo vya juu juu, vinasuguliwa na tairi litashika upepo. Kama mdomo umeliwa mpaka umekuwa mwembamba, hiyo imekufa, na usidanganywe kuweka tyubu ili ushike upepo, maana tyubu inazuia upepo usitoke lakini kinachozuia tairi lisichomoke kwenye kona ni ule mdomo.

Kabla ya rangi zipime nyufa. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: unapaka mafuta ya taa kuzunguka matundu yote ya bolti na pale sahani ilipochomelewa kwenye duara, unaacha kama nusu saa, unafuta mpaka pakauke kabisa, unapaka unga wa chaki. Unakaa unasubiri. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha yatapanda kwenye chaki, utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Mwaka mmoja tuliiona mistari mitatu kwenye rimu moja ambayo kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Ufa kwenye matundu haichomelewi, iweke pembeni hiyo. Na rangi usipake nene kwenye vile vibakuli vya bolti wala mgongoni rimu inapogusana na dramu, rangi nene inapondeka na bolti zinalegea. Ukishafunga, tembea kama kilomita 50 ukaze tena.

Tatu, kuzipata. Gerezani hazikosekani kabisa ila kwa bahati. Mimi rimu zangu nzuri sijazipata dukani, nimezipata kwenye Kobe zilizokufa. Zipo kwenye nyumba za zamani Upanga, Kurasini, Chang'ombe, ziko nyuma ya nyumba kuku wanatagia. Piga hodi, salimia, ongea na mwenye nyumba. Nje ya Dar kaulize Moshi, Lushoto na Iringa, huko hakuna chumvi ya bahari, chuma kinadumu. Wanakufungia kwenye kiroba wanapakia basi unaenda kuchukua stendi ya Magufuli pale Mbezi. Ukikosa kabisa, mpya zipo nje ya nchi. Hii gari Mexico waliitengeneza mpaka Julai 2003 pale Puebla, na za kule zilikuwa na matundu hayo hayo manne ya 130, kwahiyo vipuri havijafa. Ila uhesabu na usafiri na ushuru.

Huyo kijana wa Sinza simlaumu. Adapta iliyochongwa vizuri ni kitu cha kweli. Lakini ina unene wa milimita 20 na kitu, inaisukuma rimu nje, beringi zinabeba mzigo kwa mkao ambao hazikutengenezewa, na tairi la mbele ukikata kona ukiwa na abiria linakula madigadi. Na kuna jambo la spea. Kwenye Kobe kile kinyunyizio cha maji ya kioo hakina pampu, kinatumia upepo wa tairi la spea, kuna kimpira chembamba kimetoka kwenye kichupa kinaenda kufungwa kwenye valvu ya spea. Ndo maana spea inajazwa upepo mwingi kuliko tairi za chini. Spoti rimu pana haiingii kwenye kile kishimo cha mbele, sasa spea utaiweka wapi na kioo utaoshaje?

Mimi kwenye ile Kobe ya vipuri nina rimu za matundu manne, tatu. Mbili nadhani ni nzima. Niko Temeke. Njoo na brashi ya waya na chaki.

Mtoto wa Magomeni

Mzee shikamoo, na ahsante sana, nimesoma mara tatu na nimemsomea mama, kanyamaza kidogo akasema kale kampira ka maji marehemu alikuwa anakabadilisha kila mwaka mpya. Nimefungua boneti sasa hivi, kweli kapo, kamekauka kamekatika katikati. Miaka yote najua ni waya umekufa.

Nimeangalia na mhuri wa zile Golf, imeandikwa 14. Kwahiyo hata matundu yangekubali zisingefaa. Jumamosi nakuja Temeke mzee ukiniruhusu.

Swali langu la mwisho, tairi. Zilizopo zimeandikwa 165R15 na zimepasuka pasuka ubavuni. Nimeulizia kila duka wananiambia hiyo saizi hamna, chukua 195/65R15 zimejaa. Zitakubali?

Dada wa Kigamboni

Mi naendesha ya 1974 kila siku navuka darajani kwenda kazini kwahiyo hili la tairi nalijua kwa maumivu. Usichukue 195. Rimu yako ina upana wa inchi 4 na nusu, tairi ya 195/65 inataka rimu kuanzia inchi 5 na nusu. Ukiilazimisha kwenye rimu nyembamba inabinuka katikati kama mkate wa mofa, inalika katikati tu na kwenye kona gari inaogelea. Hata 185/65R15 bado ni pana kwa rimu hiyo.

Unachotafuta ni 165/80R15, ndo ndugu yake hiyo 165R15. Ni kweli hazikai dukani, mi huwa naagizia, muuzaji anakaa nayo oda wiki kadhaa. Vumilia. Zikija usilipe kabla hujasoma ubavuni, kuna namba nne za mwisho kwenye ile herufi za DOT, ikiandikwa 3519 ujue imetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi za saizi adimu zinakaa stoo muda mrefu, mi nilishawahi kuuziwa "mpya" ya miaka tisa, ina vinyweleo na stika yake, baada ya miezi minne ikaanza kupasuka.

Saizi ina kingine. Spidi mita ya Kobe haichukui kwenye gia boksi, waya wake unatoka kwenye tairi la mbele kushoto, umepita katikati ya ekseli mpaka kwenye kale kakofia ka grisi. Kagua utaona kapini kadogo kamezuia waya usichomoke. Kwahiyo ukiweka tairi fupi mbele spidi mita inasoma zaidi ya mwendo wako. Na siku wakibadilisha beringi upande huo hakikisha wamerudisha kale kapini, mi walikipoteza nikatembea miezi miwili sijui mwendo.

Na upepo, tafadhali hili usilisahau maana mafundi pancha wa mjini wanajaza PSI 32 kila gari inayokuja. Injini iko nyuma, mbele ni nyepesi. Mi najaza mbele 18 nyuma 27. Ukiweka 32 mbele gari inaruka ruka kwenye matuta ya Kigamboni, usukani mwepesi kama baiskeli, na upepo wa baharini ukikupiga pale darajani inahama njia. Nunua kipimo chako kidogo ukae nacho kwenye gari, ukifika kwa fundi simama mwenyewe pale.

Mchonga Vyuma Vingunguti

Hapo dada umemaliza. Kijana ukitoka Temeke pitia huku na zile rimu, niziweke kwenye mashine nizizungushe tuone kama zimepinda, hiyo sikuchaji. Na zile bolti za zamani ukija nazo nitaziangalia uzi. Kaa ukijua zikifungwa zinatakiwa kuzama angalau sawa na unene wake, yani milimita 14, kama mizunguko 9 hivi toka zinaposhika. Ikishika mizunguko minne na kukaza hiyo ni fupi au kuna uchafu.

Mtoto wa Magomeni

Wakuu narudi na majibu. Jumamosi nimeenda Temeke kwa mzee, katukaribisha chai na chapati, nimeenda na mdogo wangu yule wa spoti rimu. Zile tatu tumezisugua, tumepaka mafuta ya taa na chaki kama alivyosema. Mbili safi. Ya tatu tukaiona mistari miwili imetoka kwenye tundu la bolti, mdogo wangu ndo wa kwanza kuiona, kaniita "kaka njoo uone" mpaka kaka wa jirani naye akaja. Ile mzee kaigonga nyundo katikati papo hapo ili isije ikauzwa na mtu mwingine.

Vingunguti tumezizungusha, moja imecheza kidogo kainyoosha. Na ya kwangu ya mbele iliyopinda nayo imenyooka, haina ufa. Kwahiyo nina nne za chini. Bado spea, kuna jamaa Lushoto kasema anayo, matundu manne, kanitumia picha na mhuri unasomeka 4½J x 15, nimemwambia aipakie basi la Jumatano. Tairi nimeweka oda tano za 165/80R15. Zile Golf nimepata mwenye Golf, kanipa laki na themanini, nimekubali.

Kampira ka maji nimenunua mita moja duka la vifaa vya samaki wa mapambo, kameingia vizuri. Mama leo kavitoa vile vifuniko kwenye kanga, tumejaribu kimoja kwenye rimu iliyopakwa rangi, kimelia tak! kikakaa.

Dada wa Kigamboni, vile vibano vidogo vinavyoshika kifuniko kwenye rimu, kimoja kimevunjika kwenye rimu ya nyuma. We vyako ulipata wapi?